Spea mpya, mashine kuukuu: kuanza upya na hesabu za nasibu

Mkuu, umeuliza kwa nini beringi ikibadilishwa watu wa hesabu husema mchakato, yaani mfuatano wa beringi moja baada ya nyingine, "umeanza upya", na nasibu inaingiaje wakati aliyeamua kubadilisha ni fundi. Mimi natunza mashine za kusaga mahindi, nitakujibu kwa upande huo.

Beringi ikishafungwa, hakuna ajuaye itadumu muda gani. Nasibu iko hapo, haiko kwenye mikono ya fundi. Kuanza upya maana yake ni kwamba umri wa hii mpya hautegemei iliyotoka iliishi vipi: bahati inachezwa tena kwa masharti yaleyale, kipindi baada ya kipindi.

Sharti hilo si dogo. Nikifika mashineni naweka kiganja juu ya kasha la beringi. Likiunguza, na grisi imekuwa nyeusi, natoa. Ila kabla ya kupachika mpya nakagua shafti. Ikiwa imelika na beringi inacheza juu yake, mpya itakufa mapema, na itakayofuata mapema zaidi. Hesabu hii haishiki tena, maana kilichoanza upya ni spea tu. Mkanda uliokatika ukaungwa ni vivyo hivyo: unga unaendelea kutoka, lakini mkanda una uchakavu uleule uliokuwa nao kabla ya kukatika.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Chukua beringi ambazo nusu hudumu miezi 2 na nusu miezi 10. Wastani ni miezi 6, yaani ukienda muda mrefu utabadilisha kama mara 2 kwa mwaka. Je, ukizuka kwa mteja siku yoyote tu, beringi utakayoikuta inazunguka ni ya kudumu miezi mingapi kwa wastani? Si 6. Ni karibu 8.7, kwa sababu zile za miezi 10 ndizo zinazokalia sehemu kubwa ya kalenda. Na muda uliobaki mpaka ife ni miezi 4.3 hivi kwa wastani, si 3. Kwa hiyo mwenye mashine akikuita uone beringi ya bei chee "ilivyodumu", usikimbilie kununua katoni. Anakuonyesha iliyonusurika.

Kwa anayeweka stoo, mwanahisabati Mmarekani David Blackwell alithibitisha mwaka 1948 kwamba muda ukishapita mrefu, idadi ya mabadiliko unayoitarajia katika kipindi fulani ni urefu wa kipindi hicho kugawanywa kwa wastani wa umri. (Sharti ni kwamba umri usiruke kwa hatua zilizo sawa kama kwenye mfano wangu, ambapo 2 na 10 zote ni mafungu ya miezi 2; beringi za kweli haziruki, hufa siku yoyote.) Mashine 20, wastani miezi 6: weka akilini beringi 10 kila miezi 3, halafu ongeza chache za tahadhari.

Kubadilisha kabla haijafa kuna faida pale tu kifaa kinapochakaa kadiri kinavyozeeka, na pale kufa ghafla kunapogharimu zaidi ya spea. Beringi ndivyo ilivyo. Kifaa kinachouawa na umeme kuruka ni habari nyingine: hatari ya leo ni ileile kiwe kipya au cha zamani, na hapo unapata mchakato wa Poisson, yaani ule ambao muda uliokwisha kupita haubadilishi hatari ya tukio lijalo, nao ni aina mojawapo ya michakato hii ya kuanza upya. Kukitoa kikiwa kizima ni kutupa hela. Mimi nakiacha mpaka kiungue, na natembea na kingine kwenye boksi la zana.