Mnauliza, Tunajibu: Kijiji cha Ulaya kisichoongea Kizungu

SWALI: Mhariri, mwanangu anasoma Galway, Ayalandi, anasema kuna vijiji vya pwani huko watu nyumbani hawaongei Kizungu, wana lugha yao. Kweli hiyo? Na wanaishije? (Mama msomaji, Tanga)

JIBU: Kweli kabisa mama. Maeneo hayo yanaitwa Gaeltacht, ukitoka Galway ukafuata bahari kwenda magharibi unaingia Connemara, huko Kiayalandi ndo cha dukani, cha kanisani na cha kugombezea watoto, wana redio yao tangu 1972 na televisheni tangu 1996.

Mimi lakini kilichonigusa ni visiwa vya Aran, navyo ni Gaeltacht, viko baharini mbele ya Galway. Ni mwamba mtupu jamani, basi wazee walibeba mwani na mchanga mgongoni toka ufukweni wakamwaga juu ya jiwe, tabaka kwa tabaka, mpaka pakawa shamba la viazi. Mtumbwi wao, currach, ni mbavu za mbao zilizovalishwa turubai la lami, mwepesi mpaka wanaume watatu wanaubeba mabegani umewafunika vichwa, unaona miguu tu inatembea.

Shida sasa hivi ni nyumba, vijana wanakosa pa kuishi wanahama na lugha yao, inauma sana.

Mwanao akisalimiwa "Dia duit", Mungu awe nawe, ajibu "Dia is Muire duit", anamuongeza na Maria.