Baada ya 1.9 si lazima ije 2.0

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kama programu yako ya hesabu za karafuu, ilipofika 1.9, sasa iwe 2.0, au uachane na namba uipe majina ya miji ya Pemba.

Nukta ile si ya desimali. Baada ya 1.9 huja 1.10, kisha 1.11, hata 1.40. Namba ya kwanza ipandishe pale tu unapovunja kitu: mafaili ya zamani hayafunguki, au programu nyengine inayosoma data zako haielewani nayo tena. Ukiongeza jambo jipya bila kuvunja, panda ya kati. Ukirekebisha hitilafu tu, ya tatu: 1.10.1. Na toleo ulokwisha kuwapa watu usiligeuze kimyakimya kwa namba ile ile, hata herufi moja. Toa jengine.

Majina mazuri, lakini yawe lakabu tu. Mtu akikupigia simu kuwa "Mkoani" imekwama, utajuaje ilitoka kabla ya "Konde" au baada yake? Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wanatumia vyote, namba na majina: 24.04 ni Aprili 2024, na majina yao hufuata alfabeti. Android waliacha majina ya vitamutamu hadharani mwaka 2019. Ukishikilia miji, basi Chake, Konde, Mkoani, halafu Wete. Kwenu mtangoja zamu.