Geuza Kifuniko Kwanza

Juzi msomaji kanionyesha picha ya kioo, yaani picha ya zamani ya kamera iliyotolewa juu ya kipande cha kioo, aliyoinunua mnadani. "Kaka, huyu si Saigō Takamori?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi mwenyewe niliumbuka kwa jina hilohilo la yule samurai, shujaa mashuhuri wa Japani.

Yangu ilikuja kwenye kijisanduku cha kiri, mbao nyepesi ya Kijapani, chepesi kama kiberiti kitupu. Mzee mnene, nyusi nzito, shingo ya fahali. Nikaiweka kando ya ile sura ya Saigō inayojulikana: pacha! Nikatangaza kwenye kundi letu la wakusanyaji, nikapongezwa mchana kutwa. Jioni mama mmoja wa Kijapani akauliza tu: "Kifuniko umekitazama kwa ndani?"

Sikuwa nimekitazama. Kulikuwa na mistari mitatu ya wino, na wa kati ulisema Meiji 11, yaani mwaka wa kumi na moja wa enzi ya mfalme Meiji. Huo ni mwaka 1878. Saigō alifia vitani Shiroyama, Septemba 1877.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Ile sura niliyolinganisha nayo ilichorwa na Mwitaliano, Edoardo Chiossone, ambaye hakuwahi kumwona Saigō. Nusu ya juu ya uso aliichukua kwa mdogo wake Saigō, nusu ya chini kwa binamu yake Saigō. Picha ya kamera ya Saigō isiyobishaniwa haipo. Kumbe nililinganisha mzee wangu na watu wawili wengine!

Basi sikilizeni, ndugu zangu. Anza na kifuniko. Halafu kumbuka picha ya kioo hugeuza kushoto kuwa kulia: ukiona kimono imefungwa kama ya maiti, upande wa kulia juu, au upanga umekaa nyonga ya kulia, usitunge hadithi. Wengine walijifunga kinyume makusudi ili picha itoke sawa, kwa hiyo hata hapo usijiamini. Na nembo ya ukoo? Koo nyingi hutumia nembo moja. Rudi kwenye kifuniko.

Tatizo letu ni tamaa ya majina makubwa. Itazameni picha ya Verbeck, mmisionari aliyefundisha Japani, na wanafunzi wake, iliyopigwa Nagasaki. Watu wameuziwa nakala zake zikiwa zimebandikwa majina ya mashujaa wote wa Meiji, Sakamoto Ryōma na Saigō wakiwemo, wakati wale ni vijana wa shule ya jimbo la Saga. Wanaoambiwa hivyo hukasirika. Nawaelewa, mimi nililikimbia kundi wiki mbili.

Mzee wangu bado yuko mezani. Mstari wa jina umesuguliwa na vidole vya watu, imebaki herufi moja na nusu.