Betri ya Injini Isiguswe na Taa

Mashua yangu hulala Dunga, Kisumu. Ni ya tanga, lakini ina injini ndogo ya dizeli, maana upepo wa Ghuba ya Winam hukata ghafla, na gugu maji likikuzingira tanga halikusaidii kitu. Miaka miwili nilitumia betri moja ya gari kwa yote: injini, taa, redio, simu.

Usiku mmoja tukitoka kisiwa cha Ndere, upepo ukafa. Nikageuza ufunguo. Stata ikalia tak-tak-tak, kisha kimya. Shemeji akazima taa zote tuone kama itapata nguvu. Wapi! Tulikaa gizani, gugu likisugua ubavu wa mashua, mpaka wavuvi wa omena wakatufunga kamba alfajiri na kutukokota.

Aliyeniuzia betri akasema ninunue kubwa zaidi. Nikanunua, nayo ikafa baada ya miezi saba. Tatizo halikuwa ukubwa. Betri ya gari ina sahani nyingi nyembamba. Hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu injini huirudishia chaji. Ukiinyonya usiku kucha, unaiua. Betri ya sola ina sahani nene, huvumilia kunyonywa polepole.

Sasa ninazo mbili, na ile ya injini haiguswi na kitu kingine chochote. Ya matumizi mengine, ya sola, niliipigia hesabu: taa 3 za wati 10, kwa saa 8, ni wati-saa 240. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 20. Redio na simu zikiingia, tuseme 25. Betri ya risasi, kama hizi zangu, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ya ampea-saa 100 hunipa usiku 2 hata mawingu yakifunika sola. Asubuhi kabla ya jua naipima kwa mita: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu.

Chukua iliyozibwa. Mashua ya tanga hulala upande, na betri ya maji ikimwaga asidi, kamba zako zimekwisha.

Betri ya lithiamu ni nyepesi na hukubali kunyonywa zaidi, lakini usiiunge moja kwa moja kwenye alternata, kile kifaa cha injini kinachochaji betri. Huvuta umeme mwingi mno, alternata ikachemka hadi kuungua.

Na fyuzi iweke karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, si kule kwenye taa. Waya ukichubuka hapo katikati, fyuzi ya mbali haitazuia moto.