Ukitaka kupungua, zungumza kwanza na anayekupakulia

Katika ofisi za mawakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ubishi kuhusu unene hauishi. Kuna wanaosema mnene kajitakia, mdomo ni wake. Kuna wanaolaumu serikali, mafuta ya kupikia, soda na maisha ya siku hizi. Mimi ni wakala, mwanamke, na kazi hii nimeifanya muda wa kutosha kuona wenzangu wakiingia wepesi na leo wanahema kwa ngazi chache. Msimamo wangu ni kwamba wajibu ni wako, ila hutauweza peke yako. Wahusishe wanaokulisha.

Tazama kazi yenyewe. Zamani karatasi za mzigo tulizitembeza kwa miguu, dirisha hadi dirisha, upande wa Kenya na kurudi. Tangu Himaya Moja ya Forodha, mpango wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ianze mwaka 2014, sehemu kubwa iko kwenye kompyuta. Mtu anaketi asubuhi, anainuka kwenda kula, anaketi tena mpaka giza. Mwendo umeondolewa kwenye kazi, chakula kimebaki kilekile cha mtembea kwa miguu: kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na maharagwe juu, au rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, na soda ya kushushia.

Sasa wale wa "ni uvivu tu" wanisikilize. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Uganda wenye miaka 15 hadi 49, 24 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanaume walikuwa 9. Kwa hiyo wanaochota maji, kulima na kubeba watoto mgongoni ndio wavivu kuliko wanaoshinda stendi wakicheza ludo?

Kuna pia hofu ambayo vijana hawakuikuta. Ukimwi ulipoanza kuua watu Rakai miaka ya 80, raia waliuita Slim, kwa jinsi ulivyomkausha mgonjwa. Tuliokua wakati huo tunajua: mtu akikonda, majirani walianza kunong'ona na wachumba walijiondoa polepole. Mwili mnene ukawa ndio usalama, na kwa wazee wetu bado ni hivyo. Shangazi yangu wa Tororo huniangalia kuanzia miguuni kwenda juu: "Mbona umeisha hivi, mama? Huko mpakani hamli?" Kabla sijajibu, ameshaongeza matoke.

Kumkatalia shangazi chakula ni kumvunjia heshima, na sikushauri ufanye hivyo. Ukimwambia "napunguza mwili" utaitisha kikao cha ukoo. Mwambie, "Shangazi, daktari amesema nichunge presha." Presha inaheshimiwa. Kisha omba mwenyewe, mapema, kabla hajashika upawa: "Nianzie dodo na mukene, matoke nitaongeza nikihitaji." (Dodo ni mchicha, mukene ni dagaa.) Mimi sasa napakuliwa mboga nyingi, na ananisifu kwa kupenda chakula cha nyumbani.

Mbinu hiyohiyo tuliipeleka kwa mama anayetupikia karibu na ofisi. Tatizo la chai ya hotelini ni kwamba sukari inapikwa ndani, mteja hachagui. Tulimwomba kwa pamoja (peke yangu angenicheka) atenge chupa moja bila sukari, na bakuli la sukari liwe mezani kwa anayetaka. Akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa chupa ili wahudumu wasichanganye. Mwanzoni ilikuwa ya watu wawili watatu, wengine wakiiita chai ya wagonjwa. Siku hizi, ukichelewa unakuta imekwisha. Kwa posho, yaani ugali, tulikubaliana vilevile: nusu ya kawaida, mboga mara mbili, bei ileile. Yeye hana hasara. Dodo hapa ni rahisi, na alikuwa anapakua kidogo kwa mazoea tu.

Soda tuliimaliza kwa hesabu. Soma maandishi madogo ubavuni mwa chupa. Kola ya nusu lita huwa na gramu 50 na zaidi za sukari, na kijiko cha chai hubeba kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Yaani chupa moja imeshamaliza mgao wako wa sukari, na chai ya jioni bado.

Mizani isikusumbue. Tumia futi ya fundi cherehani. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 80, au cha mwanamume 94, nenda kituo cha afya wakupime presha na sukari ya damu. Na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyotangazwa kwenye basi, waachie wenyewe.

Kutembea ndiko kugumu, na hapo nawaunga mkono wanaolaumu mazingira. Watu wazima tunaambiwa dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka. Tutembee wapi? Pembeni mwa barabara kuu malori yamepanga foleni, ukishuka ni mtaro, na kukiwa na giza mwanamke anapigiwa miluzi. Sisi watatu hutoka alfajiri kwa njia ya mashambani, lakini mwenye mtoto mchanga au zamu ya usiku hawezi, na simwiti mvivu. Hilo ni la kupeleka kwenye kikao cha LC1, baraza la kijiji: ukingo wa waenda kwa miguu, na uwanja wa watoto usigeuzwe maegesho ya malori. Ukienda, usiende peke yako, na beba picha za barabara zilizopigwa saa ambayo shule zinafungwa. Mwenyekiti akisema ni kazi ya wilaya, muombe aandike barua palepale na mhuri apige mkiwapo.