Chekechea inafunga saa tano, soko linafunga saa kumi na mbili

Wahariri, wiki hii mmeuliza serikali ikipata hela ya kuwasaidia wazazi wanaofanya kazi ianze na lipi, iongeze likizo ya uzazi au iongeze madarasa ya awali. Mi nasema iongeze masaa. Najua wengi watakaojibu ni kina mama, ila mi ni baba, tena mlinzi, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Naingia lindo saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, mpaka nibanane kwenye daladala nifike Mbagala ni saa mbili kasoro. Mke wangu saa hizo keshaondoka kitambo, ni mama lishe, alfajiri anatakiwa awe ameshawasha mkaa, na yule mdogo wa mwaka na nusu anaenda nae. Huyu mkubwa wa miaka mitano nampeleka awali mimi, nikirudi ndo najilaza, saa tano na nusu huyo mlangoni anagonga ana njaa. Kuanzia hapo tumebaki wawili ndani, yeye macho makavu mi nasinzia. Nikishamlisha nafunga kwa ndani, funguo natia mfukoni, natandika mkeka kwenye kizingiti nalala hapo hapo ili akitaka kutoka lazima anikanyage. Ndo malezi yetu ya mchana hayo.

Sasa turudi kwenye swali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, akijifungua mapacha siku 100, na baba siku 3 azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe (mi kazini walinipa moja, nyingine nikaambiwa hamna mtu wa kushika lindo). Pia inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila hayo masaa mawili kwa mtu anayefanya kazi Posta na mtoto yuko Mbagala yanaishia Kilwa Road kwenye foleni. Na yote hayo ni ya mwajiriwa. Mama lishe hana mwajiri wa kumuomba likizo, wa kwangu alimaliza arobaini tu akarudi jikoni. Hata mkisema miezi sita sisi hatumo.

Upande wa pili kuna awali. Sera ya Elimu ya 2014 imefanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima, na toka 2016 ada hakuna kuanzia awali mpaka kidato cha nne. Hilo limetusaidia sana, nani abishe. Lakini hesabu mwenyewe, mama anabanwa na siku 84, shule inampokea mtoto akifika miaka mitano, katikati hapo karibu miaka mitano mizima kila mtu anajijua. Na akishapokelewa ni masaa matatu tu! Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, we pita shule za serikali za huku kwetu uchungulie dirishani. Ukiongeza madarasa bila kuongeza masaa, unampokea mtoto na kumrudisha kabla mama hajauza hata sahani kumi.

Kuna wanaosema zamani bibi alilea. Bibi yake huyu yuko Newala, ana mikorosho yake, na msimu ukifika yeye ndo anahitaji msaidizi. Wengine tunachukua dada wa kazi, ukimwangalia vizuri ni binti wa miaka 14 au 15 aliyetakiwa awe darasani, yani tunamsomesha mmoja kwa kumtoa mwingine shule, halafu tunaita maendeleo.

Wanaobeba huo mzigo kwa kweli ni kina mama wa dei kea za uchochoroni. Mtaani kwetu yupo mmoja anapokea kwa elfu mbili kwa siku, chumba kimoja, mkeka wa plastiki, sufuria ya uji wa lishe, chupa zimeandikwa majina kwa makapeni, ukichelewa baada ya saa 12 unaongeza mia tano. Hajasajiliwa, na akisikia mtendaji anapita anafunga mlango, maana kusajili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 kunataka mambo ambayo chumba cha kupanga hakina. Sisemi wamwachie tu, mtoto anaweza kufia mle na sisi tukabaki kulia. Nasema afisa ustawi aende akiwa na orodha fupi: mlango wa pili, maji, choo, watoto wasizidi idadi fulani, amfundishe, ampe muda, arudi kukagua. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 ikiwa ya wanawake, vikundi vinaenda kukopa kwa batiki na sabuni kila mwaka, kwa nini kikundi kisikope kwa ajili ya kulea?

Taifa lina programu yake ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile MMMAM iliyozinduliwa Disemba 2021, na makaratasi yake yamekaa vizuri. Mi ningeiongezea vitu viwili. Awali iende mpaka saa tisa, sio kwa masomo, jamani watoto wamechoka kuimba a e i o u, wapewe chakula, walale, wacheze, na anayewaangalia mchana asiwe mwalimu yule yule aliyeanza asubuhi, aajiriwe mlezi alipwe. Na kila soko jipya likijengwa ramani iwe na chumba cha watoto kama inavyokuwa na vyoo na parking. Masoko ya zamani yaanze na kile chumba cha stoo kilichojaa meza mbovu. Ushuru tunalipa kila siku asubuhi na risiti tunapewa, na anayekusanya anawaona watoto wako chini ya meza pembeni ya jiko la mkaa, anawaruka anaenda meza ya pili.