Matanga yameisha, watu wameenda

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, alifariki kwa ajali, sasa ni mwezi wa tano. Siku ya mazishi watu walijaa hadi tukaongeza tenti, chama chetu cha kuzikana kilinunua jeneza, mchele, sukari, kikakodi viti, kwa kweli sikukosa kitu. Lakini baada ya wiki mbili hivi hata wa kunipigia simu hakuna. Nikiwa sokoni kwa meza yangu ya nyanya machozi yanakuja tu yenyewe, wateja wanaangalia pembeni. Asubuhi nikipika chai bado napima maji ya vikombe vitano halafu ndo nakumbuka. Mashemeji wananiambia jikaze, utawatisha watoto, tena huyu mdogo tumemwambia baba amesafiri. Je, naanza kurukwa na akili? Na hao makaunsela ni wa watu wa Kampala wenye pesa ama hata mimi naweza pata?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Hujarukwa na akili. Miezi mitano ni juzi tu, mtu umeishi naye miaka mkono wako utaachaje kupima maji yake? Hata Shirika la Afya Duniani halianzi kuita huzuni ya msiba ugonjwa kabla miezi sita haijapita, na hata hapo wanaangalia kama imekuzidi kabisa kuliko desturi za kwenu na maisha yamesimama. Wewe unaamka, unapika, unafika sokoni. Kulia juu ya nyanya si ugonjwa, na hilo neno jikaze mimi silipendi, linamsaidia yule anayelisema asikuone ukilia, basi.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Sisi Waganda, Wasamia, Wakiga, wote hapa nchini, kuzika tunajua. Buganda wana munno mukabi, yaani mwenzako wa wakati wa shida, kule Kigezi na Ankole kuna engozi, vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela mabegani na kusaidiana kuzika. Lakini fungua daftari la chama chochote uangalie: kuna jeneza, kuna mchele, kuna viti na tenti, mwezi wa tatu baada ya kaburi haumo. Watu si wabaya, daftari ndilo limeishia hapo.

Baba yetu alipofariki, jirani mmoja alikuwa anakuja kwa mama kila Alhamisi saa kumi na ungo wake wa maharage. Anakaa kwa mkeka, anachambua, tiki tiki mawe yanaanguka kwa sahani, mama naye anaingiza mkono anachambua. Alhamisi mbili hawakuongea kitu cha maana, ya tatu mama akaanza mwenyewe kusimulia vile baba alivyougua, akasimulia hadi giza likaingia na maharage hayajaisha. Yule mama hakusomea ukaunsela popote.

Kwa hiyo nenda kwa mwenyekiti wa chama chako, usimwambie nisaidieni, maana watu hawajui waanzie wapi. Mwambie nataka watu wawili waje kwangu kila Alhamisi saa kumi, kwa miezi mitatu. Kitu chenye siku na saa watu wanakiweza. Na uliza nani mwingine amefiwa mwaka huu, mkae pamoja, kwa sababu hili jambo limepimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2002 kule Masaka na Rakai watafiti walichukua vijiji 30 vyenye watu waliozidiwa na huzuni, nusu ya vijiji wakapewa vikundi, kukutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, hawakuwa madaktari. Msiba ulikuwa moja ya mambo yaliyozungumzwa. Kwenye vikundi, waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walishuka kutoka 86 kwa kila 100 hadi chini ya 7, vijiji vingine walibaki zaidi ya nusu. Tena hata TASO, shirika la kusaidia watu wenye UKIMWI, ambalo ndo lilifanya neno kaunsela lijulikane hadi vijijini, lilianzishwa 1987 na Noerine Kaleeba mwaka ule ule aliofiwa na mumewe, yeye na wenzake wachache wenye shida moja.

Lakini ukiona usingizi umekataa kabisa wiki kwa wiki, chakula hakipiti, au unawaza bora ungemfuata, hapo usingoje Alhamisi. Mwambie mtu siku hiyo hiyo akupeleke kituo cha afya, na hospitali za rufaa za serikali kama Mbale zina kitengo cha afya ya akili, si za matajiri.

Na huyo mdogo, tafadhali. Baba yake alikuwa dereva, kila siku alikuwa anasafiri na kurudi, ukimwambia amesafiri atakaa mlangoni kusikiliza kila lori linalopita kwenda mpakani. Mwambie baba amekufa, hatarudi, mshike, lieni pamoja. Hutamtisha.

SWALI: Shangazi, rafiki yangu hapa Arua amefiwa na mtoto wa miaka miwili. Naogopa kwenda, sijui niseme nini.

JIBU: Nenda leo. Sema pole, kaa. Usiseme Mungu atakupa mwingine, huyu alikuwa huyu, mtaje kwa jina lake, wazazi wanatamani kulisikia na watu wote wanaliogopa. Beba makaa au sukari kama unayo, kama huna nenda mikono mitupu. Halafu rudi wiki ya tatu tenti zikishatolewa. Na kama rafiki yako ni mama wa mtoto, muulize baba yuko wapi, maana wanaume huwa wanaachwa nje pale kwa moto wanaulizwa habari za gharama tu. Mpelekee chai, ukae naye kidogo.